Kiazi Chenye Shingo

Kazi yangu ni kuchambua.
Stoo ya tatu, soko la Kisoro, tangu alfajiri,
ukungu wa Muhabura bado umelalia mabati,
nami juu ya kreti, viazi vikipita mikononi:
vya mviringo, gunia la Kampala;
vilivyokatwa na jembe, vipikwe leo leo;
vilivyoota pembe, vilivyoungana mgongo
kama pacha waliogoma kuachana,
hivyo natupa kando, karai la nguruwe.

Mwalimu Sebagenzi wa fizikia
hununua karai hilo.
Nguruwe hana.
Ijumaa moja nikamuuliza.

Akachagua kimoja, vichwa viwili, shingo katikati,
akakipuliza vumbi, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.
"Nyota yenye mkia," akasema.
"Ivue mkia, utakuta hiki."

Nilicheka. Nyota nazijua mimi, ni vitone.
Na ile yenye mkia, mama alisema ni ufagio
unaofagia wafalme.
"Mkia ni pumzi yake tu, Nyiransaba.
Barafu ikipigwa na jua inafuka,
kama lundo la samadi saa hizi.
Yenyewe ni nyeusi kuliko mkaa.
Kuna ya umbo la karanga, kuna ya bata,
kuna inayofanana na mfupa mbwa aliouchoka."

Mbona haziwi mviringo?

"Dunia ni nzito, ilijikanda yenyewe ikawa tonge.
Zile ni nyepesi.
Hazina mkono wa kujikanda."

Akatoa skrubu mfukoni, akanipa.
Akakizungusha kiazi taratibu kati ya vidole.
"Haya, tua."

Nikaiweka kwenye shingo, ikateleza.
Nikaiweka kichwani, kichwa kikageuka kikawa ubavu.
Mara ya tatu ikadunda, ikapotelea chini ya magunia,
tukaitafuta wote wawili kwa magoti
huku akinisimulia:
walituma chombo, miaka kumi njiani,
mtoto aliyezaliwa siku ya kuondoka
yuko darasani anajifunza kugawanya.
Walipokaribia hawakuona uwanja.
Waliona majabali, mashimo, genge,
na kitu chenyewe kinazunguka.
Kikashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea.
Mikuki ya kujichomea ardhini ikakataa kufyatuka.
Kikagusa. Kikadunda.
Karibu saa mbili kinaelea, hakuna wa kukishika mguu,
mwisho kikajikuta kivulini mwa jabali, kimekaa upande,
kikituma habari mpaka betri ikaisha.

Kwetu Nyarusiza mashamba yamesimama wima.
Kiazi kikikuponyoka juu
jirani wa chini anakiokota, anakupigia kelele ya asante.
Kuanguka tunakujua.
Kumbe kule kuanguka si shida.
Shida ni kubaki.

"Na uzito?" nikauliza, maana mizani ndiyo dini ya stoo hii.
"Kilo mia za hapa," akasema, "kule ni kama punje ya haragwe."
Nikamfikiria tajiri Kibuuka,
anayebonyeza sahani kwa kidole gumba akidhani hatuoni.
Kule kidole chake kingeuza Kisoro yote,
na Kibuuka mwenyewe akikohoa
angeondoka na soko asirudi.
Mwalimu alicheka mpaka akaketi.

Skrubu hatukuipata.
Alilipa karai lake, akaniachia kile chenye shingo.

Usiku, wenzangu wamelala,
nimezima taa, nimeacha mshumaa.
Kiazi kiko kiganjani, cheusi upande mmoja.
Nimechagua punje ya haragwe, ndogo kuliko zote.
Naishusha polepole,
polepole kuliko nilivyowahi kushusha chochote,
hata mtoto aliyesinzia.
Imegusa shingo.
Imekaa.

Nimebana pumzi.
Mshumaa umesimama wima.
Kule juu ya mabati kitu kinapita bila kujua njia yetu,
kinafuka.

Nilipopumua, ikaanguka.